Msimseme Kama Vile Hayupo

Ipo siku moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, na leo nitakueleza yote, maana jana ulirudi kutoka shule macho yamevimba. Ulisema wenzako wamekuita mtoto wa kichaa. Nilitaka kushika njia niende kwa mama zao, mmoja baada ya mwingine. Uliniona, nilikuwa nimekwisha kujifunga kitenge kiunoni. Halafu nikakaa. Nikajiuliza: nikimaliza kutukana mtaa mzima, wewe utabaki na nini mkononi? Ndiyo sababu ninaandika. Utakapojua kusoma vizuri, utasoma.

Najua kutoa nasaha ni kazi ya wazee. Mimi si mzee, nina meno yangu yote na sina mvi hata moja. Lakini niambie ni mzee gani nikuletee. Babu yako, baba yangu mimi, walimpandisha treni ya Kasai pamoja na wengine wenye asili ya huko, baada ya kuwalaza kwenye stesheni ya hapa Likasi kama mizigo, eti hapa si kwao. Yeye aliyezaliwa hapa! Bibi yako akamfuata. Upande wa baba yako, wazee waliobaki hawapendi hata kulitaja jina lake. Basi kiti kiko wazi, nimekikalia. Univumilie.

Baba yako aliitwa Donatien, na alikuwa mtu wa mashine. Alifanya kazi Koni, kule maji ya mto Lufira yanakozungusha mitambo ya umeme. Kazi yake ilikuwa kusikiliza. Usicheke. Alikuwa na fimbo ya chuma: ncha moja anaigusisha mashine, ncha nyingine anaiweka kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, anafunga macho, kisha anakuambia kama ndani kuna kitu kinachoanza kuumia. Nyumbani alifanya vilevile na redio, na sufuria zangu, hata na tumbo langu ulipokuwa ndani. Aliweka sikio, akanyamaza, akasema, «Huyu anazunguka muzuri.» Huyo ulikuwa wewe.

Kisha mambo ya nchi yakaanguka. Wewe umekulia katika kuanguka huko, unadhani ndivyo dunia ilivyo: maduka yaliyovunjwa, walimu wasiolipwa, wanaume walioacha kazi zao na kwenda kuchimba mawe ya madini Kambove. Sisi tulijua kitu kingine, ndiyo maana roho inatuuma. Katika miezi hiyo baba yako akaanza kuugua. Alisema kuna watu ndani ya nyaya za umeme, wanamtaja jina, wanamcheka. Taa aliifunika kwa shati. Chakula changu alikikataa. Alisema watu wa nyaya wamenipa kitu cha kutia ndani. Mimi, niliyempikia sombe ya majani ya muhogo tangu siku ya ndoa! Asubuhi moja ya mvua alitoka miguu mitupu akielekea Koni. Watu wa soko walimrudisha huku wengine wakimrushia maganda ya ndizi. Nikamshika mkono, nikakufunga mgongoni, nikampeleka hospitali.

Wagonjwa wa akili walikuwa wamewekwa kwenye jengo la nyuma, karibu na mahali pa kufulia. Madirisha hayakuwa na vioo. Madaktari wengi walikuwa wamekwenda kutafuta maisha kwingine. Waliobaki walikuwa wauguzi wachache wasiojua watalipwa lini. Chakula ilikuwa kazi ya familia. Asiye na familia alikula kilichobaki kwa wenzake, kama kilibaki.

Pale ndani baba yako akawa na jambo lake. Kila asubuhi aliweka sikio ukutani na kusimama hivyo, kimya. Ukimvuta, anapigana. Kulikuwa na muuguzi kijana, Crispin, mwenye moyo mzuri na haraka nyingi. Yeye alidhani ni zile sauti za ugonjwa, akamfunga kitandani kwa vipande vya shuka. Nikamkuta hivyo, baba yako, mikono imefungwa na nzi mdomoni. Nilipiga kelele mpaka wanawake waliojifungua wakatoka kuangalia ni nani amekufa.

Akaja Mama Victorine. Huyu ndiye mzee ninayetaka umjue. Alikuwa mkubwa wa wauguzi wa jengo lile, mama mfupi, mnene, miwani yake imeshikwa na plasta ya vidonda. Hakuniambia ninyamaze.

«Ikala kwanza,» alisema. «Kelele utaongeza kiisha. Nielezee yeye.»

«Ugonjwa ulianza wakati wa…»

«Apana. Ugonjwa sikukuulizia. Ugonjwa minye naujua, tumezeeka pamoja. Nakuulizia bwana yako. Anapendaka nini? Anachekaka na nani?»

 Miezi mingi nilikuwa nimeulizwa tu ameanza lini, amevunja nini, ni nani amemroga. Hakuna aliyekuwa ameniuliza kuhusu mtu. Halafu maneno yakaja yote kwa pamoja: Koni, fimbo ya chuma, sufuria, redio, tumbo langu. Mama Victorine alicheka mpaka akatoa miwani. Akageuka.

«Crispin! Kuya hapa. Weye unafunga muntu eko ku kazi!»

Siku hiyohiyo vile vipande vya shuka vilifunguliwa. Tangu hapo Crispin alimsogelea asubuhi pale ukutani, akasimama kando yake bila kumgusa, akamuuliza kama anayemuuliza bosi wake, «Patron, mashine iko namna gani leo?» Baba yako alisikiliza kidogo zaidi, halafu akajibu: inatetemeka, au iko na kiu, au leo inaenda. «Basi patron, tukunywe maji na kinini yetu.» Naye alipokea vidonge na kuvimeza. Mtu aliyekuwa akitema dawa usoni mwa watu!

Sikiliza sana hapa, mwanangu, kwa sababu watu wanapenda kugeuza jambo hili kuwa hadithi tamu. Mama Victorine hakumdanganya hata siku moja. Baba yako alimuuliza, «Mama, bale ba mu nyaya, weye pia unabasikia?» Akamjibu, «Apana, mwana. Minye sibasikie. Lakini naona banakuogopesha, na ile woga yako naiona. Kunywa dawa. Nitaikala na weye mpaka banyamaze.» Na alikaa. Alikaa akimkata kucha, akimwonyesha mtoto wa mgonjwa mwenzake anayejifunza kutembea, akimuuliza kama anataka kwenda misa Jumapili au kama Mungu amemchosha wiki hii. Aliniambia jina la ugonjwa, skizofrenia, akaniambia ni ugonjwa wa ubongo, haukuletwa na mke wala na mababu. «Jina ni refu,» alisema, «lakini halimutoshe muntu muzima.»

Kila alasiri familia zilipoleta vyungu, alimwomba mmoja wao aeleze habari za mgonjwa wake. Aliyaita masolo, yaani mazungumzo tu, kama ya jioni nyumbani. Sharti lilikuwa moja: mgonjwa mwenyewe awepo, na awe na haki ya kusema «uongo». Wauguzi vijana walilazimika kukaa na kusikiliza. «Sindano munajua kupiga,» aliwaambia. «Sasa mujue munapiga nani.»

Baba yako akaanza kurudi. Si yeye mzima, lakini sehemu yake. Alikula. Alikupakata. Siku moja nilimletea bukari, ugali wetu, na mboga ya lengalenga, akabonyeza tonge kwa kidole, akamwambia Crispin, «Huyu mama, kampuni ingemupatia kazi ya kujenga. Bukari yake inashinda simenti.» Ulikuwa mzaha wake wa kwanza baada ya muda mrefu. Nilimtukana vizuri kabisa, kisha nikaenda nyuma ya mahali pa kufulia nikalia.

Sasa ndiyo ile siku.

Ilikuwa alasiri, wakati wa vyungu. Baba yako mkubwa Floribert, tuliyemwita Yaya, yaani kaka, aliingia pamoja na mchungaji wa kikundi chao cha maombi. Hakumsalimia mdogo wake. Alisimama miguuni pa kitanda, akaanza kusema na mimi kwa sauti ya juu, kama mtu anayetangaza.

«Familia imeikala, imekata neno. Huyu haina mugonjwa, eko na pepo. Tunamupeleka ku maombi, njia ya Kambove. Atafunga chakula na bengine. Na hizi dawa, basi, zimefika mwisho. Njo zinamulevya vile.»

Baba yako alikuwa ameketi palepale, kijiko mkononi. Aliacha kula.

Nilisema hapana. Nilisema hatatoka hapa bila dawa, na kwamba mtu aliyekonda hivi mkimfungisha chakula mtamuua.

«Weye unasema kama nani?» Yaya Floribert alinicheka. «Kwenu ni wapi? Kama uko na bazee, ubaite bakuje tuseme nabo. Aa, nasahau. Balipanda treni.»

Mwanangu, nilikuwa na chungu cha maharage ya moto mkononi na nilijua nitakimwagia wapi. Nilijua pia kwamba alikuwa na haki kwa desturi. Mume akiugua, ndugu zake ndio wanaokata neno. Mke anangoja nje ya kikao, na mke asiye na wazee nyuma yake ni sawa na kiti. Wakitaka kumwinua baba yako pale na kumbeba, hakuna mtu wa jengo lile ambaye angewazuia. Na mchungaji alikuwa amekwisha kushika mkono wake, akisema taratibu, si kwa ubaya, «Pepo yake ni ya kimya, njo mubaya zaidi. Muangalie macho.»

Mama Victorine alikuja akifuta mikono kwenye aproni. Hakupandisha sauti.

«Munamusema sawa vile haiko hapa,» alisema. «Eko hapa. Floribert, ule ni nani pa kitanda?»

«Ni mudogo yangu.»

«Umemusalimia?»

Yaya Floribert akamtazama mchungaji.

«Muntu unatoka kwako, unapita njia yote, unaingia pa mulango, unafika pa mudogo yako, unaanza kumupanga sawa gunia ya makaa. Mama yenu alibafundisha vile? Na kile kikao, mulikifanyia wapi?»

«Kwa familia. Ku nyumba.»

«Na yeye aliikala fasi gani mu kile kikao?»

  Mama mmoja aliyekuwa akimlisha mwanawe aliacha kijiko hewani.

«Kikao juu ya muntu, na muntu mwenyewe haiko, ile haina kikao,» alisema Mama Victorine. «Ile ni kilio, na muntu hayakufa. Sasa mutaikala upya, hapa. Pasteur, ikala pale. Floribert, weye ni mukubwa, ikala karibu ya kichwa. Na huyu mama ataikala pia, minye njo niko nyuma yake leo. Kama munatafuta bazee bake, muniangalie.»

Sijui kama unaelewa neno hilo lilinifanya nini. Niliweka chungu chini, nikaketi.

Wakakaa. Mwanamume akiambiwa na mama wa umri ule akae, na watu wanaangalia, atakaa. Mama Victorine akamwambia Yaya Floribert aeleze masolo ya mdogo wake, kabla ya ugonjwa, kama desturi ya pale ilivyotaka. Alikataa. Alisema hakuja kupiga masolo. Mama Victorine akavuta kiti, akakunja mikono tumboni na kungoja, kama mtu asiye na kazi nyingine mpaka Krismasi.

Mwishowe Yaya Floribert akasema, akiangalia sakafu, «Huyu, tukiwa batoto, alikuwa anaweka sikio pa reli.»

«Mm.»

«Anasema, treni inakuya. Shiye hatusikie kintu. Siku moja minye nilikataa. Nikasema, weye mubongo, unadanganya, hakuna treni, nikaacha mbuzi ya papa yetu inakula majani pa reli. Kumbe treni inakuya kweli, ikaiponda. Papa alinipiga juu ya ile mbuzi…»

«Uongo,» akasema baba yako.

Kila mtu akageuka. Alikuwa bado ameshika kijiko.

«Haikukuwa mbuzi. Ilikuwa nguruwe. Nguruwe ya Papa Mulunda, jirani yetu. Yaya anaonaka haya kusema nguruwe mbele ya pasteur.»

Jengo lote lilicheka. Crispin alishika ukuta. Mchungaji mwenyewe alificha mdomo kwa Biblia. Yaya Floribert alicheka pia, kicheko kikubwa cha ghafla, akampiga mdogo wake begani: «Weye! Tena uliikula ile nguruwe kushinda minye!» Halafu kicheko chake kikavunjika katikati. Akafunika uso kwa mikono miwili. Kwa muda mrefu alikuwa akisema juu ya mdogo wake kwenye vikao, kwenye maombi, barabarani. Hakuwa amesema naye.

Mama Victorine hakumpa nafasi ya kutoroka. «Sasa kikao kiko na bantu bote. Donatien, familia inataka kukupeleka ku maombi, bila kinini. Weye unasema nini?»

Baba yako alifikiri sana. Ugonjwa ulikuwa bado upo, sitakudanganya. Midomo yake ilicheza kidogo kama anajibu watu wengine kwanza. Kisha akasema:

«Nabakia hapa. Kule banapiga kelele mingi, sitasikia mashine. Kinini nakunywa, inanishushia bale ba mu nyaya.» Akamwangalia kaka yake. «Na Yaya akikuya, akuye na mukate.»

Basi. Neno likakatwa hivyo. Mchungaji akauliza kama hata maombi yamekatazwa. «Nani amekataza?» akasema Mama Victorine. «Omba hapa. Na ukisema amina, ataleta kinywa kwa kinini yake.» Akaomba, kwa sauti ya chini, mkono juu ya kichwa cha baba yako. Baada ya amina Crispin akaleta maji.

Ningependa kuishia hapo, mwanangu. Ningekuwa mtu wa kupenda hadithi, ningeishia hapo. Lakini nimeahidi kukueleza yote.

Yaya Floribert alileta mkate, na akaendelea kuja. Kisha vidonge vikaanza kukosekana. Kwanza walimpa nusu, kisha siku moja moja, kisha hakuna. Yaya Floribert huyohuyo alitembea mpaka Kambove kuulizia dawa, akauliza kwa masista, kwa wenye maduka, kwa madereva wa kwenda Lubumbashi. Masolo tuliendelea nayo, lakini Mama Victorine alikuwa ametuonya waziwazi: masolo hayafanyi kazi ya kidonge. Watu wa nyaya walirudi. Baba yako aliacha kula tena, na wakati wa kiangazi kuhara damu kuliingia jengo lile, kukawachukua waliokonda kwanza. Serumu za kutia mishipani hazikuwapo. Sabuni haikuwapo. Wakubwa wa nchi hii walikuwapo, wanene, na dawa zao nyumbani. Hilo sisamehi na usiniombe.

Alikufa mchana, kichwa chake mapajani mwa kaka yake. Mama Victorine ndiye aliyemwosha, na huku anamwosha alikuwa anasema naye: «Donatien, sasa nakugeuza huku. Sasa nanawisha mukono.» Nilimwambia, «Mama, haiko tena.» Hakuinua macho. «Eko,» alisema. «Mpaka tumalize kumuvalisha, eko.»

Baada ya kilio aliniita kando. Aliniambia niweke chini hasira, isije ikachacha kwenye maziwa niliyokuwa nikikunyonyesha. Nilimheshimu yule mama kuliko mtu yeyote, lakini neno hilo nililichukua nusu. Hasira yangu ninayo bado. Nimeikataza tu kula watu wasiostahili.

Sasa nisikilize. Wakikuita mtoto wa kichaa, usipigane na usiangalie chini. Sema: baba yangu aliitwa Donatien, alifanya kazi Koni, aliugua, akakosa dawa. Jina lake ulitaje zima. Ukimkuta mtu barabarani anayesema peke yake, usimrushie ganda. Msalimie, ukijua jina lake lisema. Usiseme juu ya mgonjwa mbele yake kama vile amekwisha kuondoka. Ukitaka kukata neno juu yake, mkalishe naye akate. Na mtu akikuambia uchague, maneno mazuri au dawa, maombi au dawa, mkatalie. Mgonjwa anahitaji kujulikana, na anahitaji kidonge, na chakula, na kuoshwa. Ukimnyima kimoja umemnyima.

Ukiwa muuguzi siku moja, kama unavyosema ukivaa kitambaa changu kichwani, uliza habari za mtu kabla ya kushika sindano.

Na hili la mwisho ninaliandika mkono ukiwa mzito. Ugonjwa huu wakati mwingine unapita katika damu. Kama siku moja wewe mwenyewe utasikia watu ambao mimi siwasikii, usinifiche. Njoo kwangu mchana au wakati wowote. Sitakufunga, sitakupeleka kwa mtu wa kukuchapa, sitasema juu yako jikoni na majirani. Nitakaa karibu yako nikuulize wanasema nini, na kesho yake tutatafuta dawa, hata kama ni mpaka Lubumbashi kwa miguu.

Mungu akupe akili nzima na siku nyingi. Akupe kicheko cha baba yako na asikupe woga wake. Popote utakapoingia, mtu akuone, akusalimie, akuite kwa jina. Nenda ukanawe uso sasa. Chakula kiko tayari.